Alijibu Akiutazama Ukuta

Alijibu maswali yote akiwa ametupa mgongo. Uso wake ulielekea ukutani, palipobandikwa picha kubwa ya parachichi lililokatwa katikati, na kutoka huko sauti yake iliturudia safi, kila neno la Kiingereza limenyooshwa kama shuka la bweni siku ya ukaguzi. Aliulizwa maana ya zamu, akaeleza. Aliulizwa atafanya nini mfanyakazi akijikata kidole kwenye mashine ya kuchambulia, akasema atakachofanya kwanza na atakachofanya baadaye. Aliulizwa tofauti ya kuomba ruhusa na kutoa taarifa, akaipambanua vizuri kuliko nilivyomfundisha. Muda wote huo hatukuona kitu ila kitambaa chake cha kichwani, mabega yaliyotulia, na vidole vilivyoshikana nyuma ya kiuno.

Mezani walikaa watatu. Katikati alikuwa Sosthenes, meneja wa kiwanda kile cha kufungasha parachichi nje kidogo ya jiji la Mbeya, kwenye barabara iendayo Tukuyu. Kuliani kwake alikaa mama wa Kizungu aliyetumwa na wanunuzi wa ng'ambo. Kushotoni alikaa Mzee Anania, mwenyekiti wa chama cha wakulima, koti lake la suti limefungwa vifungo vyote, kofia ameiweka juu ya goti. Mimi, mwalimu wao wa Kiingereza, nilisimama pembeni.

"Mbona hatutazami?" mgeni aliuliza kwa Kiingereza, kwa upole, kama mtu anayeuliza kwa nini dirisha halikufunguliwa.

Sosthenes alimgeukia mzee, kwa kuwa mzee ndiye mwenyeji wa Rungwe na mwanamke yule alitoka huko.

"Ni aibu ya kijijini tu," alisema Mzee Anania, akitabasamu. "Hajajiamini bado."

Sentensi hiyo nimeiandika kama ilivyosemwa. Miaka imepita, na bado siwezi kuisoma nikiwa nimekaa.

Mimi na Sosthenes tulisoma shule moja ya bweni kwenye milima ya Iringa, ambako maji ya kuoga alfajiri yaliuma kama meno ya mbwa na kengele haikumsubiri mtu. Tulilala vitanda vilivyopakana. Walimu wetu walikuwa wakali, na ninawashukuru kwa ukali wao. Walitufundisha kutandika kitanda, na walitufundisha kwamba ukweli husemwa mbele ya mtu unayemhusu, ukiwa umesimama wima na mikono yako inaonekana. Kitanda ninakitandika hadi leo, hata ninapokuwa peke yangu. Hilo la pili ndilo ambalo limenigharimu.

Kwa hiyo Sosthenes aliponipigia simu kutoka Mbeya, wakati huo nikifundisha Mlandege, mjini Iringa, sikuhitaji kushawishiwa sana.

"Kasian, njoo uninyooshee watu wangu," alisema. "Wakaguzi wa kigeni wanakuja kila mwezi na hapa hakuna wa kuwajibu. Sitaki Kiingereza cha mashairi. Nataka maneno ya kazi na ya maisha ya kila siku. Atakayefanya vizuri nitampa usimamizi wa zamu."

Darasa lilikuwa ghala. Tulikutana saa kumi jioni, mashine zikishazimwa, wanafunzi wakiwa wamekalia kreti zilizogeuzwa, harufu ya matunda mabichi na maboksi mapya imejaa hewani. Sikuwaruhusu kuitikia kwa pamoja. Kuitikia kwa pamoja ni maficho: mmoja anajua, wengine wanafuata mdomo wake. Kila mtu alisimama peke yake, akamtazama mwenzake machoni, akalisema neno, kisha akaliweka ndani ya sentensi iliyo ya kweli kwake. Sentensi ya uongo niliikataa hata kama sarufi yake ilikuwa timamu. Asiye na gari asiniambie gari lake ni jekundu.

Tulianza na vitu vya kushikika: kreti, mizani, glavu, mkanda. Tukapanda kwenye zamu, likizo, jeraha, malalamiko. Neno la malalamiko nililirudia siku nyingi, kwa sababu niliona wanalitamka kwa sauti ya chini, kama watu wanaopita mbele ya kituo cha polisi.

Alinanuswe hakulitamka kwa sauti ya chini. Alikuwa mwanamke ambaye bado ni kijana, mwenye mtoto mmoja, na mume wake, Anord, alikuwa utingo kwenye malori ya Tunduma ambaye alirudi nyumbani kama mvua za kiangazi. Yeye aliishi kwa wazazi wa mume. Alikuwa anasimama kabla sijamwita. Alikuwa na tabia ya kulishika neno jipya, kulizungusha mdomoni bila sauti, kisha kulitoa likiwa lake.

Siku tulipofika kwenye maneno ya familia, nilimtaka aweke baba mkwe katika sentensi ya kweli. Alifikiri kidogo. Kisha akasema, kwa Kiingereza kisicho na doa, "Baba mkwe wangu ana kikohozi kizuri."

Ghala lilicheka. Mimi sikucheka. Nilimwambia nimekataza mzaha.

"Si mzaha, mwalimu," alisema kwa Kiswahili. "Ndicho ninachokijua kwake. Sisi kwetu mkamwana hamwoni baba mkwe, na baba mkwe hamwoni mkamwana. Hatusemezani. Akitaka kupita, anakohoa, mimi naondoka. Nikiwa jikoni natokea mlango wa nyuma. Nikiwa uani naingia kwenye migomba. Tangu niolewe sijauona uso wake, ila nimemwona kofia."

"Na akikohoa kwa mafua?" aliuliza Shigela, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao.

"Naondoka vilevile. Mimi si daktari."

"Dada, kwa mbio hizo ungeenda riadha ya taifa."

"Nyamaza, Shigela. Dada zako wanampigia magoti hata fundi baiskeli."

"Lakini wanamwona," Shigela alisema, na hata yeye Alinanuswe alicheka.

Haikupita wiki nikashuhudia mwenyewe. Alikuwa amesimama katikati ya ghala, anaeleza jinsi ya kupima uzito, nje ya dirisha mtu akakohoa mara moja, kikohozi kizito, cha mtu aliyezoea kupishwa. Sentensi ilikatika. Nilipogeuka kumtazama, Alinanuswe hayupo. Alikuwa nyuma ya rundo la maboksi, amechuchumaa, kichwa chini, na penseli niliyomwazima bado ilikuwa inazunguka sakafuni. Mzee Anania alipita na wajumbe wake, akachungulia, akanisalimu kwa heshima, akaondoka. Baada ya hapo Alinanuswe alisimama, akajikung'uta magoti, akaimalizia sentensi palepale ilipokatikia.

Jioni hiyo nilimuuliza kwa nini anautaka usimamizi wa zamu. Nilitarajia aniambie habari ya karo ya mtoto, kama wengine.

"Nataka chumba changu mjini, mwalimu," alisema. "Mlango niufungue mimi, niufunge mimi. Nipike chakula hadi kiive bila kusikiliza nje."

Sikuwa na neno juu ya mila yenyewe. Mimi ni Mhehe. Kwetu pia kuna watu ambao mtu hawatazami ovyo, na sijaona kwamba watu wasio na staha wana furaha kuliko sisi. Tena yeye mwenyewe hakuidharau. Aliniambia kuwa mama mkwe wake, Mama Damari, ni mwanamke mwema, na kwamba staha ni staha. Alichokitaka ni mahali ambapo staha hiyo haitamla siku nzima. Nilimwahidi kwamba nikimfundisha vizuri, na yeye akijibu vizuri, nafasi itakuwa yake. Niliahidi kwa sababu nilimwamini Sosthenes.

Siku ya usaili hakuna aliyetuambia nani angekaa mezani. Alinanuswe aliitwa, akaingia akiwa ameinua kichwa, viatu vimepigwa rangi. Hatua moja ndani ya chumba akaiona kofia juu ya goti. Nilimwona akisita kwa muda mfupi mno, muda ambao mtu mwingine angesema alikuwa anatafuta kiti. Angeweza kukimbia. Mila ingemsifu kwa kukimbia. Badala yake aligeuka polepole, akausogelea ukuta, akasimama mbele ya lile parachichi, akamsalimu mgeni kwa Kiingereza na kusema yuko tayari.

Na Mzee Anania alijua. Hilo ndilo ninalotaka lieleweke. Hakuna mtu duniani aliyejua zaidi yake kwa nini mwanamke yule ametupa mgongo. Mila ile ile ambayo nyumbani aliilinda kwa kikohozi, iliyomfanya mwanamke mzima atoroke sufuria yake mwenyewe, mezani aliiita aibu ya kijijini, kwa sababu palikuwa na mgeni na alitaka kuonekana mtu wa kisasa. Na dawa ilikuwa nyepesi kiasi gani? Kusimama. Kuchukua kofia, kutoka nje, kutazama magari ya barabarani hadi mwanamke amalize. Hakuna heshima ambayo angeipoteza.

Nilisubiri asimame. Alipanga vizuri kofia yake juu ya goti.

"Mzee Anania," nilisema, "nakuomba kwa heshima utupishe kidogo, ili mtahiniwa ageuke."

Sosthenes aliinua macho. Mzee hakuacha kutabasamu. "Mwalimu, mimi nimealikwa hapa kama mwenyekiti. Nitokeje?"

"Wewe ni baba mkwe wake. Hawezi kugeuka ukiwepo."

"Mambo hayo ni ya zamani, baba. Tuliyazika na babu zetu. Sisi siku hizi ni watu wa kanisani, watu wa soko la nje." Alisema hayo akimtazama Sosthenes, kama mtu anayeomba radhi kwa niaba yangu. "Tena ninyi Wahehe ya kwetu mngetuachia wenyewe."

"Kama mmeyazika," nilisema, "basi mwambie ageuke."

Tulisikia lori likibadilisha gia kwenye mlima. Mzee alifungua mdomo, akaufunga. Hakuweza. Tangu mwanamke yule aolewe hakuwahi kumsemesha neno moja, na hakuweza kuanza pale, mbele ya mkwe mwenyewe, bila kuivunja kwa mdomo wake mila aliyosema haipo. Aliyatazama magoti yake. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee.

Nilimweleza mgeni yote kwa Kiingereza. Alinisikiliza hadi mwisho, na sina lawama kubwa kwake. Aliuliza swali ambalo mtu wa biashara angeuliza. Msimamizi wa zamu hukutana na kila mtu, alisema. Mwenyekiti wa wakulima huja kiwandani mara kwa mara. Siku hiyo ikifika, kazi itaendaje?

Kabla sijajibu, jibu lilitoka ukutani. Alinanuswe alisema kwa Kiingereza, bila kuinua sauti, "Bibi, anaweza kubisha hodi. Mimi nitampisha. Nimempisha kila siku, na chakula hakijawahi kuungua."

Mgeni alicheka, kicheko kizuri, cha mtu aliyeshindwa kwa haki. Niliamini tumeshinda.

"Asante, Alinanuswe," Sosthenes alisema kwa Kiswahili. "Unaweza kwenda. Tutakujulisha."

Alitoka kinyumenyume, uso bado ukiwa ukutani, akiupapasa mlango kwa mkono. Sijui kama umewahi kumwona mtu aliyefaulu akitoka chumbani namna hiyo. Mimi nimemwona, na nisingependa kuona tena.

Nafasi alipewa Silvester, kijana anayemtazama mtu machoni vizuri sana huku akikosea.

Nilimfuata Sosthenes ofisini kwake. Nilisimama wima, mikono yangu inaonekana.

"Ulisikia majibu yake," nilisema.

"Nilisikia, kaka. Alikuwa bora kuliko wote." Hakukana; ningemheshimu kidogo kama angekana. "Lakini mzee yule ameaibishwa mbele ya mgeni, na aliyemwaibisha ni wewe. Akisema neno moja, parachichi za Rungwe zote zinakwenda kwa washindani. Nimpe mkamwana wake usimamizi, ndiyo niwe nimemkanyaga mara ya pili."

"Kwa hiyo mzee akisema uongo, yule mwanamke ndiye anayeulipia."

"Kasian, hapa siyo bwenini."

"Naona," nilisema. "Bwenini mtu aliyelala kitanda kilichopakana na changu asingelisema hilo."

Alinitaka niendelee na darasa. Alisema kwamba wengine bado wananihitaji, na hilo lilikuwa kweli. Lakini ningewezaje kumsimamisha Shigela, au yeyote, na kumwambia kwamba akilijua neno na kulisema kwa ukweli atafika? Nilikuwa nimekataza sentensi za uongo katika ghala lile. Niliwaaga mmoja mmoja. Alinanuswe hakuja siku hiyo. Shigela alinibebea begi hadi stendi, akasema, "Mwalimu, hilo neno la malalamiko tulilijua vizuri. Tatizo ni la kumpelekea nani." Basi liliondoka, tukapita Makambako mvua ikinyesha, na mimi nikitazama dirishani bila kuona shamba hata moja.

Wapo walionishauri baadaye. Walisema ningetumia busara, ningemwita mzee kando, ningemnong'oneza, ningemwachia njia ya kutokea. Wanasema hivyo watu wanaodhani kwamba njia ya kutokea ilikosekana. Mlango ulikuwa hatua chache kutoka kwenye kiti chake. Ulikuwa wazi. Asiyepaswa kuutumia ameutumia kinyumenyume, na aliyepaswa kumpisha amebaki amekaa, na watu wazima waliosoma wanazungumzia busara yangu.

Mwaka huu, mwezi wa tatu, nilikuwa nasahihisha mazoezi pale Mlandege simu ikaita. Nambari sikuijua. Sauti niliijua kabla haijafika mwisho wa salamu, kwa sababu ilinisalimu kwa Kiingereza na haikuwa na haraka.

Tulijuliana hali. Anord yupo Tunduma, ndiyo, vilevile. Mtoto ameanza shule. Yeye bado anaishi kwa wakwe, anachambua matunda kiwandani, chini ya Silvester.

"Mwalimu, nimekupigia kwa sababu jana walikuja wageni nyumbani," alisema, sasa kwa Kiswahili. "Wakaguzi. Wamekuja kuona shamba la mzee, hawana mkalimani, Silvester anaumwa. Wamekaa sebuleni na mzee, wanatazamana. Mama Damari akaja jikoni akaniambia, mwanangu, ukae hapahapa nyuma ya ukuta, wao waseme, wewe ujibu kwa sauti, watakusikia."

"Ukakubali?"

"Nilimwambia nimeshawahi kujibu kupitia ukuta, na sikupata kitu."

"Kisha?"

"Kisha niliivua aproni nikanawa mikono. Nikaenda hadi kwenye mlango wa sebule, kwa upande wa nje, pale asiponiona. Nikakohoa, mwalimu."

Nilisikia kuku upande wake wa simu, na mtoto akihesabu kwa sauti.

"Mara moja tu. Nikasikia kiti kinasogea. Nikasikia fimbo yake. Akatokea mlango wa mbele, mimi nikaingia kwa huu mwingine."

"Akaenda wapi?"

"Kwenye migomba. Pale ninapokaaga mimi."

"Mvua ilikuwa inanyesha?"

"Mwalimu, Tukuyu huwa hainyeshi lini?"

Nilijikuta nimesimama, kalamu nyekundu mkononi. Nilimuuliza mazungumzo yalichukua muda gani. Alisema yalichukua muda, maana wageni walikuwa na maswali mengi juu ya dawa za kunyunyizia, na yeye hakutaka kuharakisha jambo lisilotakiwa kuharakishwa. Alitafsiri kila kitu, hata yale ambayo mzee asingependa kuyasikia. Mama Damari aliyabeba maneno ya huko na huku, kutoka sebuleni hadi migombani, akiwa na mwavuli ambao hakumwachia mumewe.

Nilitaka kujua jambo moja zaidi, na si kwa udadisi tu. Nilitaka kuiona picha nzima, kila mtu mahali pake, kama ilivyopaswa kuwa siku ile kiwandani.

"Na wewe ulikaa wapi?"

"Wageni walijaza viti vyote," alisema. "Kilibaki chake. Kilikuwa bado kina joto."